Blogu ya WordPress imeganda kwenye matengenezo: kufuta faili la .maintenance ni nusu tu ya kazi

Unafungua blogu yako unakuta hakuna makala, hakuna picha, hakuna menyu, ni ukurasa mweupe tu wenye maneno ya Kiingereza: "Briefly unavailable for scheduled maintenance. Check back in a minute." Unasubiri hiyo dakika, unarifreshi, bado. Unajaribu kuingia wp-admin, ile dashibodi ya mwenye saiti, uone kuna nini, nako unakutana na maneno yaleyale. Hapo ndo watu wengi wanapanik, wanaanza kuwaambia wenzao kwenye magrupu kwamba wamehakiwa. Hujahakiwa. WordPress ilijifungia mlango kwa ndani ili ifanye apdeti, apdeti ikakatika katikati, na hakuna aliyebaki wa kufungua.

Naongelea WordPress ile unayoiweka mwenyewe kwenye hostingi unayolipia. Kama uko Blogger, ile ya blogspot, haya hayakuhusu, kule mafaili ya ndani huyaoni kabisa. Na kama uko WordPress.com ya bure, seva ni yao, waandikie wao.

Kwanza elewa kinachotokea

Unapoapdeti WordPress yenyewe, au plagini (kaprogramu ka kuiongezea kazi), au themu (ile inayoipa saiti sura), kinachofanyika ni hivi: inapakua zipu, inaifungua kwenye folda ya wp-content/upgrade, halafu inaondoa mafaili ya zamani na kuweka mapya. Hicho kipindi cha kubadilisha mafaili ndo kibaya, maana msomaji akifungua saiti muda huo anaweza kukuta nusu ni toleo la zamani na nusu ni jipya, na hapo saiti inaweza kufa mbele yake. Kwa hiyo kabla haijagusa kitu, inaandika kafaili kadogo kanaitwa .maintenance, kwenye folda kuu, palepale lilipo faili la mipangilio, wp-config.php. Ukilifungua utakuta mstari mmoja tu:

<?php $upgrading = 1700000000; ?>

Hiyo namba ni muda. Ni sekunde zilizohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1970, na huo mfano hapo juu ni usiku wa kuamkia 15 Novemba 2023, saa 7 na dakika 13 usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Kila mtu anapofungua saiti WordPress inachungulia kama hilo faili lipo, ikilikuta inatoa ule ujumbe pamoja na kodi ya 503, ambayo kwa Google maana yake ni kwamba saiti ipo ila rudi baadaye. Apdeti ikiisha salama inalifuta yenyewe. Ikikatika kabla, linabaki.

Sasa kuna kitu maelekezo mengi ya mtandaoni yanakiruka, na kwangu mimi ndo cha muhimu kuliko vyote: hilo faili lina muda wake wa kufanya kazi. WordPress inachukua saa ya sasa inatoa ile namba, na ikikuta zimeshafika dakika 10 inalipuuza, saiti inafunguka kawaida hata kama faili bado limekaa palepale. Soma tena hapo. Dakika 10. Kwa hiyo kama saiti yako imeganda dakika tano zilizopita, ni hilo faili, lifute au nenda kachemshe chai ukirudi itakuwa imefunguka. Lakini kama imeganda tangu jana, faili la kawaida haliwezi kuwa ndo sababu peke yake, kuna kitu kingine, na ukifuta tu na kwenda zako utarudi kulalamika kesho.

Hicho kitu kingine huwa ni kimoja kati ya hivi. Labda unachoona ni nakala ya zamani kwenye kashe, yaani kurasa zilizohifadhiwa ili saiti ifunguke haraka. Labda kuna apdeti ya otomatiki inayojaribu na kufeli na kujaribu tena, kila mara inaandika faili upya. Labda kuna mtu, fundi aliyekutengenezea saiti mara nyingi, aliandika time(), amri inayotoa saa ya sasa, pale kwenye ile namba, na hapo dakika 10 hazifiki milele kwa sababu muda unahesabiwa upya kila saiti inapofunguliwa. Au sio hilo faili kabisa, ni plagini ya "coming soon" ambayo iliwashwa na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Kabla hujagusa kitu, jaribu hiki

Fungua saiti yako kwenye dirisha la siri la brauza, lile lisilotunza historia, au tumia simu ya mtu mwingine yenye bando lake, halafu mwisho wa anwani ongezea ?jaribu=1. Ikifunguka vizuri, saiti yako ni nzima, ulikuwa unaona kashe. Nenda kwenye plagini yako ya kashe ufute yote, na kama unapitia Cloudflare (huduma inayokaa kati ya wasomaji na seva yako) ingia kule kwenye sehemu ya Caching ubonyeze "Purge Everything". Umemaliza, unaweza kuacha kusoma.

Angalia pia maneno yenyewe. Ule ujumbe wa Kiingereza nilioutaja, kwenye ukurasa mweupe usio na mapambo, ndo wa WordPress. Ukiona ukurasa mzuri wenye logo, picha ya nyuma, saa inayohesabu kurudi nyuma na sehemu ya kuweka imeili, hiyo ni plagini au themu, twende nayo baadaye. Na ukiona "508 Resource Limit Is Reached" au "Service Unavailable" tupu, hiyo ni seva ya hostingi imeelemewa, hayo ni mambo mengine kabisa hata ukifuta mafaili mpaka asubuhi hayataisha.

Kulifuta lenyewe

Ingia kwenye akaunti yako ya hostingi, wengi wetu ni cPanel (paneli ya kuendeshea hostingi), fungua File Manager. Hapa sasa ndo watu wanapokwama: wanaingia public_html, folda yenye mafaili ya saiti, wanatafuta faili linaloitwa .maintenance, hawalioni, wanasema halipo. Lipo. Faili lolote linaloanza na nukta linafichwa. Juu kulia kuna kitufe cha Settings, kibonyeze, weka tiki kwenye "Show Hidden Files (dotfiles)", hifadhi, na sasa utaliona limekaa karibu na .htaccess. Kama unatumia FileZilla, programu ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta na seva, kwenye menyu ya Server kuna "Force showing hidden files".

Kwa mnaofanya kila kitu kwenye simu, hiyo inawezekana vizuri tu, fungua cPanel kwenye brauza ya simu, washa ile "Desktop site" na ulaze simu, la sivyo kile kitufe cha Settings utakitafuta mpaka uchoke.

Halafu hakikisha uko kwenye folda sahihi. Kama hostingi moja ina saiti tatu, kila moja ina folda yake, na ile .maintenance iko kwenye folda ya saiti iliyoganda. Kama blogu yako iko ndani, mfano saiti.com/blogu, basi nenda ndani ya hiyo folda ya blogu. Kipimo rahisi: unapoona wp-config.php, wp-admin, wp-content na wp-includes vimekaa pamoja, na saiti ni ile yenyewe, hapo ndo penyewe.

Kabla ya kulifuta, lifungue usome ile namba. Wengi hawafanyi hivi na ni sekunde mbili tu. Ukikuta namba, ibandike kwenye kigeuzi chochote cha Unix mtandaoni utajua apdeti ilikatika saa ngapi, na hiyo saa utaihitaji baadaye kidogo. Ukikuta time() badala ya namba, umeshampata mchawi. Sasa lifute. Kama huna raha kufuta vitu kwenye seva libadilishe jina tu, liite maintenance-zamani.txt, matokeo ni yaleyale.

Wenye SSH, yaani njia ya kuandikia seva amri moja kwa moja, mambo yenu ni mepesi, ingieni kwenye folda ya saiti:

ls -la .maintenance
cat .maintenance
rm .maintenance

Na kama hostingi imeweka WP-CLI (zana ya kuendesha WordPress kwa amri), ni "wp maintenance-mode status" kuangalia na "wp maintenance-mode deactivate" kuzima.

Faili limefutwa, saiti imerudi, usifunge laptop bado

Watu wanaona saiti imefunguka wanashangilia wanaondoka. Lakini fikiria, lile faili lilibaki kwa sababu kazi haikuisha. Maana yake kuna plagini au themu au WordPress yenyewe ambayo sasa hivi inaweza kuwa imebadilishwa nusu. Na ile dakika 10 niliyosema ina ubaya wake hapa, saiti inaweza kujifungulia yenyewe ikiwa na mafaili pungufu, ukadhani mambo yamejitatua, kumbe fomu ya mawasiliano haitumi imeili wiki nzima na hujui.

Kwa hiyo ingia wp-admin, nenda Plugins. Angalia ipi ulikuwa unaapdeti. Ikiwa imepotea kabisa kwenye orodha au inasema faili lake halipo, usianze kulia kuhusu data, kwa plagini nyingi mipangilio imekaa kwenye databesi na mafaili yake ndo yaliyopotea, unainstoli tena na inakuta kila kitu chake. Kuanzia WordPress 6.3 iliyotoka Agosti 2023 kuna msaada zaidi: kabla ya kuapdeti plagini au themu inahamishia toleo la zamani kwenye wp-content/upgrade-temp-backup, ili apdeti ikifeli ilirudishe. Tatizo ni kwamba kama seva iliua zoezi ghafla hata hilo la kurudisha linaweza lisifanyike, basi we mwenyewe chungulia humo, kwenye folda ndogo ya plugins au themes, unaweza kukuta toleo lako la zamani liko zima, unalihamishia kwenye wp-content/plugins kwa mkono. Fanya mapema maana ile folda husafishwa kila wiki.

Kama wp-admin haifunguki, unaona ukurasa mweupe au ujumbe kwamba kuna kosa kubwa, kagua imeili ya admin kwanza, pamoja na spamu. Tangu toleo la 5.2 la 2019 WordPress ikigundua plagini imeua saiti inakutumia linki ya kuingilia kwa njia ya uokoaji, ukiingia kupitia hiyo linki plagini mbaya inakuwa imesimamishwa kwako wewe tu, unaizima, basi. Imeili isipofika, na kwa hostingi zetu mara nyingi haifiki, rudi File Manager ingia wp-content/plugins, ibadilishe jina folda ya ile plagini moja, weka "-off" mwishoni. Nimesema moja. Utakuta maelekezo yanakwambia ubadilishe jina folda nzima ya plugins, ndiyo inafanya kazi, lakini inazima kila kitu pamoja na plagini ya usalama, na unabaki na kazi ya kuwasha moja moja bila kujua kosa ni la nani. Hiyo iwe ya mwisho, kama hujui kabisa ni plagini ipi.

Ilikuwa ni WordPress yenyewe inaapdetiwa? Nenda Dashboard, Updates, kuna kitufe cha kuinstoli upya toleo hilohilo, kibonyeze, hakigusi makala zako. Ikikuambia "Another update is currently in progress" usijali, ni kufuli lingine dogo liko kwenye databesi linaitwa core_updater.lock, nalo linaisha lenyewe baada ya dakika 15, subiri tu. Na kama dashibodi haifunguki, pakua zipu kutoka wordpress.org, lazima liwe toleo sahihi, futa folda za wp-admin na wp-includes, weka mpya, na mafaili ya nje pia yaandike juu ya ya zamani, lakini wp-content na wp-config.php USIGUSE, humo ndo kuna picha zako na funguo za databesi. Chukua bakapu kabla, hili halina mjadala. Ukimaliza ukiingia inaweza kukuomba iapdeti databesi, kubali.

Wa SSH mnaweza kuhakiki kwa "wp core verify-checksums" na "wp plugin verify-checksums --all", zinalinganisha mafaili yako na yale halisi ya wordpress.org na kukutajia yenye hitilafu. Plagini za kulipia hazimo kwenye huo ulinganisho, hizo pakua upya kwa aliyekuuzia.

Kwa nini ilikatika

Sababu ninayoiona sana kwenye hostingi za bei rahisi ni nafasi kujaa. Kuapdeti kunahitaji nafasi ya zipu, ya mafaili yaliyofunguliwa, na sasa ya ile bakapu ya muda, kwa hiyo akaunti iliyojaa inafia katikati. Angalia pembeni kwenye cPanel, kuna Disk Usage na kuna File Usage, ya pili ni idadi ya mafaili na watu hawaiangalii, unaweza kuwa na nafasi tele lakini idadi ya mafaili imefika mwisho na matokeo ni yaleyale. Mara nyingi mlaji ni bakapu zenyewe, ukitumia UpdraftPlus bila kuunganisha Google Drive zinajazana kwenye wp-content/updraft, bakapu za mwaka mzima kwenye seva ileile ambayo ikifa zinakufa nayo. Pakua ya karibuni, zingine futa.

Ya pili ni muda na memori. Ukiweka tiki plagini ishirini ukabonyeza apdeti zote kwa mpigo, PHP, lugha inayoendesha WordPress kwenye seva, inaweza kufika kikomo cha muda, kwa kawaida sekunde 30 kama hakijabadilishwa, au memori ikaisha. Kwenye cPanel kuna MultiPHP INI Editor, pandisha max_execution_time iwe 300 na memory_limit iwe 256M, kama hostingi yako inaruhusu. Umeme kukatika au bando kuisha huku ukurasa unaendelea nako kunaweza kukatiza foleni, na kufunga tabo kwa sababu unaona inachelewa ni kitu kilekile.

Ya tatu ni ruhusa za mafaili, hasa kwa saiti iliyohamishwa kutoka hostingi nyingine. Folda ziwe 755, mafaili 644, na mwenye mafaili awe mtumiaji wako. Mtu akikwambia weka 777, yaani kila mtu aruhusiwe kuandika humo, mkatalie.

Kujua ni ipi kati ya hizo, tumia ile saa uliyoisoma kwenye namba. Fungua faili la error_log kwenye folda kuu au Errors kwenye cPanel, tafuta mistari ya muda huo, ila angalia saa ya seva maana mara nyingi iko UTC (saa ya kimataifa), yaani yetu toa masaa matatu. "Allowed memory size" ni memori, "Maximum execution time" ni muda, "No space left" au "Disk quota exceeded" ni nafasi.

Kama halikuwa lile faili

Umetafuta .maintenance hakuna na ukurasa wa matengenezo bado upo. Kama unaingia wp-admin bila shida lakini wageni ndo wanaoona matengenezo, ni plagini au mpangilio. Wenye Elementor nendeni Elementor, Tools, Maintenance Mode, wekeni Disabled. Wenye WooCommerce, kuanzia matoleo ya 2024 ina "coming soon" yake ndani ya Settings, Site visibility, na inawasumbua watu wengi kwa sababu mwenye saiti akiwa ameingia anaona duka liko sawa kabisa. Ukikutana na faili linaitwa maintenance.php ndani ya wp-content, hilo halifungi saiti, ni sura tu ya ujumbe ambayo fundi aliitengeneza, inatokea pale .maintenance inapokuwepo.

Na faili likirudi

Umelifuta, kesho yake limerudi. Hiyo ni apdeti ya otomatiki. WordPress inakagua matoleo mapya mara mbili kwa siku, na tangu 5.5 mwaka 2020 unaweza kuruhusu plagini zijiapdeti zenyewe, sasa kama kuna moja inafeli kila mara, saiti inaingia matengenezo kila inapojaribu, mara nyingi usiku umelala. Fungua wp-config.php, juu ya ule mstari unaosema uache kuhariri weka hii:

define( 'AUTOMATIC_UPDATER_DISABLED', true );

Hapo zimesimama zote. Ondoa sababu, yaani nafasi au memori au ruhusa, halafu ingia apdeti kwa mkono moja moja, ukianza na ile yenye shida, chaji iwe imejaa na tabo usiifunge. Zote zikipita, rudi wp-config.php ule mstari uutoe, maana ukiuacha hata apdeti za usalama za WordPress hazitaingia zenyewe.